Mikono iko, malipo hayako



Kila mara bei ya bunga inapopanda, tunasikia maneno matatu. La kwanza husemwa na wakubwa: "Watu wa vijiji ni wavivu, hawataki tena jembe." La pili husemwa na wenye mashamba makubwa: "Hakuna watu wa kazi katika inchi hii, sherti tulete wengine kutoka mbali." La tatu, tukubali kweli, husemwa na sisi wenyewe, kwenye mlango wa depo na mezani penye pombe: "Wageni wamezidi, ndio wanaotumalizia chakula."

Maneno hayo yanaonekana kuwa matatu, lakini mama yao ni mmoja. La kwanza linamtukana mlimaji. La pili linamtafuta mlimaji mwingine wa bei ndogo zaidi. La tatu linampiga huyo mlimaji wa pili akiisha kufika. Na yote matatu yanatuzuia tusiulize ulizo moja, ambalo kila karani wa kazi angeliuliza siku ya kwanza: mtu huyu anayelima, analipwa nini?

Leo tunataka kuuliza ulizo hilo na kulifuata tangu mwanzo wake. Tunaharakisha kwa sababu maneno ya namna hii yamekwisha kumwaga damu katika inchi yetu, na sasa yanasikika tena katika mitaa yetu.

Tuanze na sufuria. Sisi watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunakula bukari kila siku, na mahindi ya bukari hiyo kwa sehemu kubwa hayakulimwa kwetu. Yanatoka Zambia, yanapita Kasumbalesa juu ya malori. Mengine yanatoka mpaka Afrika ya Kusini. Jambo hilo si jipya. Reli ilipofika Elisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, kwa Waingereza, na njia ileile iliyoleta mashine ikaleta na bunga. Tangu siku hiyo mji wetu wa shaba umekuwa kama mtoto anayenyonyeshwa na mama wa jirani. Jirani akiugua, mtoto analia. Mwaka 2023, njia ya mahindi ilipobanwa mpakani, bei ya bunga ilipanda hata mshahara wa mchimbaji haukuweza kuifuata. Mwaka uliofuata ukame uliipiga Zambia, serkali yake ikatangaza msiba wa taifa mwezi wa pili wa 2024, nasi tukatetemeka tena.

Sasa fikirini, ndugu. Mpaka kati yetu na Zambia ulichorwa na Wazungu. Mvua haiujui mpaka ule. Udongo wa Sakania na wa Kipushi, na udongo wa upande wa pili, ni udongo mmoja. Walamba wako huku na kule, Wabemba wako huku na kule; jembe lao ni moja na lugha yao ni moja. Basi kwa nini Mlamba wa kule anatulisha, na Mlamba wa huku anaitwa mvivu? Je, uvivu unaanzia Kasumbalesa?

Hapana. Tofauti ni hii. Kule serkali ilianzisha katika miaka ya 1990 ofisi ya akiba ya chakula, inayotangaza bei na kununua mahindi ya walimaji wadogo. Tena wanasaidiwa kupata mbolea na mbegu. Ofisi hiyo ina makosa yake, na walimaji wa Zambia wamelalamika mara nyingi kwamba fedha zinachelewa. Lakini mlimaji wa kule, anapotia mbegu udongoni, anajua kwamba yuko mnunuzi. Mlimaji wa kwetu hajui. Akivuna, anangoja lori. Lori likija, mwenye lori ndiye anayetaja bei, kwa sababu njia ni mbaya na lori la pili halitafika. Akijaribu kupeleka mifuko yake mwenyewe mpaka mjini, anakuta vizuizi njiani, na katika kila kizuizi kuna mkono ulionyoshwa.

Tuseme wazi: bunga ya ngambo ni kazi ya ngambo iliyotiwa ndani ya mfuko. Wale wanaotuambia kwamba inchi yetu haina watu wa kulima wamekwisha kuwaajiri watu wa kulima wa inchi nyingine, bila kontrato na bila kuwaona uso, na sisi tunalipa mshahara wao kila asubuhi kwenye depo. Hatuwaonei wivu, ni ndugu zetu, wanastahili jasho lao. Lakini tunauliza: kama fedha ileile tungewapa walimaji wa Kasenga, wa Pweto na wa Mitwaba, kwa bei inayojulikana mbele na njia inayopitika, wangeshindwa kulima?

Wako watakaojibu kwamba ni desturi yetu kukimbia shamba. Si kweli. Mikono haikukimbia shamba yenyewe. Iliondolewa, na miaka yake inajulikana.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1910 ikaanzishwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafuta watu wa kazi. Watafutaji wake walizunguka vijijini; chifu alipewa zawadi kwa ajili ya watu aliowatoa, na wengine walifikishwa kazini wakiwa wamefungwa kamba. Pamoja na kamba ilikuja kodi ya kichwa, iliyolipwa kwa fedha. Mtu mwenye ghala lililojaa mtama akawa mdeni, kwa sababu mtama wake haukupokewa. Akaenda kutafuta fedha kwa nguvu za mwili wake.

Wakati uleule Wabelgiji walijaribu kuweka walimaji wazungu karibu na Elisabethville, ili mji upate chakula. Wengi wao walishindwa. Lawama yao ilikuwa ileile tunayoisikia leo: hakuna watu wa kazi. Lakini watu walikuwako. Hawakutaka kulima shamba la Mzungu kwa franka chache wakati mgodi ulilipa zaidi, na wakati shamba lao wenyewe lilikuwa palepale kando ya mto. Katika kinywa cha mwenye shamba, "hakuna watu" maana yake ilikuwa "hakuna watu kwa bei yangu". Mpaka leo neno hilo halijabadili maana.

Kisha likaja shamba la lazima. Tangu mwaka 1917 serkali ya kikoloni iliweza kumlazimisha mtu wa kijiji kulima alichoagizwa, siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku hizo zikafanywa 120. Asiyelima alitozwa faini au alifungwa, na kiboko kilikuwa karibu. Pamba ilinunuliwa na kampuni moja tu katika kila sehemu, kwa bei ambayo mlimaji hakuulizwa. Hivyo jembe, ambalo kwa wazee wetu lilikuwa heshima ya mtu mwenye nyumba, likawa alama ya adhabu. Kijana aliyeona baba yake anafungwa kwa ajili ya pamba, alipoiona njia ya kwenda mgodini alifanya nini? Wengi wetu wa kambi ni wajukuu wa kijana yule. Hatukurithi uvivu kwake, tulirithi kumbukumbu.

Na Union Minière, iliyochoka kubadilisha watu kila baada ya miezi michache, ikaanza miaka ya 1927 na 1928 kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, kwa kontrato ya miaka mitatu. Watu walitoka Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi. Wengi walikufa kwa magonjwa kabla hawajazoea mahali. Mpango huo ulikuwa na faida zake: watoto walizaliwa hospitalini na kupelekwa shule. Lakini nyumba iliyohamia kambini haikulima tena. Ilipewa posho, na posho sherti inunuliwe. Ndipo inchi yetu ikagawanyika: huku watu wanaochimba na kula wasichokilima, kule watu wanaolima wasilipwe. Mwezi wa kumi na mbili wa 1941, wafanyakazi walipogoma Elisabethville kwa sababu vita vilikuwa vimepandisha bei ya vitu na mshahara ulikuwa umesimama, walipigwa risasi uwanjani. Tusisahau neno hilo: mshahara wa mgodi na bei ya chakula ni jambo moja. Anayemdharau mlimaji anaukata mshahara wake mwenyewe.

Sasa twende mpaka Kivu, maana huko ndiko neno la "tulete wengine" lilitimizwa lote, na matunda yake tumeyaona.

Wakoloni wa Kivu walifungua juu ya milima mashamba ya kahawa, chai, kwinini na pareto. Ardhi waligawiwa kwa mapana, na mgawaji mmoja mkubwa alikuwa Comité National du Kivu, iliyoanzishwa mwaka 1928. Ardhi ikiisha kugawanywa, lawama ikaanza: hakuna watu wa kazi. Na jirani, katika Rwanda, watu walikuwa wengi juu ya udongo mchache, na njaa kali ilikuwa imewapiga miaka ya 1928 na 1929. Mwaka 1937 serkali ya kikoloni ikaunda Mission d'Immigration des Banyarwanda, kwa kuhamisha jamaa kutoka Rwanda na kuziweka Kivu, hasa Gishari katika Masisi. Kazi hiyo ilidumu mpaka 1955, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu wapata 85,000.

Tusichanganye mambo. Wako wasemaji wa Kinyarwanda waliokuwa Rutshuru kabla Mzungu hajachora mpaka. Hao hawakuletwa na mtu. Hapa tunasema juu ya wale walioletwa ili wawe mikono.

Nani alifaidika? Mwenye shamba alipata wafanyakazi wa bei ndogo. Serkali ilijisifu kwamba imetibu njaa ya Rwanda na haja ya Kivu kwa dawa moja. Mhunde aliona ardhi ya babu zake inapimwa na kugawanywa. Na yule aliyeletwa? Alipewa jembe na kipande cha ardhi, lakini hakupewa karatasi iliyosema waziwazi kwamba yeye ni mwana wa inchi aliyoilima. Mikono yake ilitakiwa, jina lake halikuandikwa.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunaisikia mithali hiyo kuwa neno la heshima: mgeni aliyeshika jembe pamoja nawe si mgeni tena, amekuwa mtu wa nyumbani. Mkoloni alichukua nusu ya mithali tu. Alimpa mgeni jembe siku ya kwanza, na nyumba hakumpa siku yoyote.

Deni hilo wakoloni hawakulilipa, walituachia sisi. Mwaka 1972 sheria iliwapa uraia watu waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu tangu wakati wa ukoloni. Mwaka 1981 sheria nyingine ikawanyang'anya. Mtu alilala akiwa mwana wa inchi, akaamka mgeni. Mwaka 1993 watu waliuana Walikale na Masisi. Mwaka uliofuata walifika wakimbizi wa Rwanda pamoja na wauaji waliojificha kati yao, na baadaye vita vya 1996 na 1998. Sheria mpya ya uraia ilitoka mwaka 2004, lakini ugomvi wa ardhi haukwisha kwa sheria hiyo. Hatusemi kwamba vita vyote vya Kivu vilizaliwa na mashamba ya pareto. Yako madini, yako majeshi ya inchi za jirani, iko tamaa ya wakubwa. Lakini mbegu moja ilipandwa pale: watu waliletwa kuwa mikono bila kufanywa kuwa watu. Mwenye shamba alikwisha kuuza mavuno yake na kurudi Ulaya. Wajukuu wa Mhunde na wajukuu wa yule aliyeletwa ndio wanaobaki kuzika maiti.

Na sisi wa Katanga tusijione kuwa na hekima kuliko watu wa Kivu. Wazee waliotoka Kasai walitafutwa na migodi na reli kwa sababu mikono yao ilihitajiwa. Walichimba pamoja na baba zetu, walizaa hapa, watoto wao walikaa benchi moja nasi shuleni. Miaka ya 1992 na 1993, kazi zilipopungua na Gécamines ilipoanguka, tulisikiliza maneno ya wanasiasa, jirani akamgeukia jirani. Mamia ya maelfu walifukuzwa. Walilala kwenye vituo vya gari-moshi vya Likasi na Kolwezi, na wengi, watoto kwanza, walikufa wakingoja behewa. Hiyo ni aibu yetu, nasi tunaiandika kwa mkono wetu wenyewe.

Tuulize tena kwa utulivu, kama watu wa hesabu. Baada ya kuwafukuza, bei ya bunga ilishuka? Mgodi wa Kamoto, uliobomoka mwaka 1990, uliponywa? Mashamba ya Katanga yalijaa mahindi? Hapana. Bunga iliendelea kutoka ngambo, na vijana wetu waliendelea kukosa kazi. Tuliwafukuza majirani, njaa ikabaki nyumbani.

Leo tena vijana kutoka Kasai wanashuka Lubumbashi na Kolwezi wakitafuta maisha, na tena tunasikia yale maneno ya zamani. Msomaji anayekasirika akimwona kijana yule na mfuko wake begani, ajiulize kwanza: yeye ameacha nini kwao? Ameacha kilekile ambacho kijana wa Kasenga na wa Mitwaba ameacha.

Sisi tunaoandika majina kwenye mlango wa mgodi tunawaona vijana hao wa vijiji vyetu. Ukimwuliza mmoja, "Ulikuwa unafanya kazi gani?" anajibu, "Nalima." Ukimwuliza, "Umeacha kwa nini?" hasemi kwamba jembe limemchosha. Anasema: "Nilivuna, nikauza, sikupata hata fedha ya mbegu." Mara nyingi hatuna kazi ya kumpa. Jina lake linabaki kwenye kitabu, yeye anaondoka, na baadaye tunasikia yuko kwenye mashimo ya wachimbaji wa mikono, chini ya udongo usioshikiliwa hata na mti mmoja. Ndiye huyo anayeitwa mvivu! Mtu anayeshuka gizani na kupanda na mfuko wa mawe begani si mvivu. Ameacha kazi isiyolipa, akafuata kazi inayolipa ingawa inaua. Na shamba lake limebaki kwa mama, kwa wazee na kwa watoto.

Tazameni namna anavyopoteza. Mwezi wa tano, watu wote wanapovuna, mlimaji anauza mara moja, maana hana ghala jema na ana madeni na ada ya shule ya kulipa. Bei iko chini. Mwezi wa kwanza, mvua zinaponyesha na kazi ya kupalilia inapokuwa ngumu kuliko zote, ghala lake ni tupu, na bei imepanda. Anayeuza ni yule aliyenunua. Ili apate kula, mlimaji anaacha shamba lake katikati ya magugu na kwenda kulima kibarua kwa mwenye shamba kubwa, kwa kopo la bunga. Kwa hiyo mavuno yake ya mwaka ujao yamekwisha kupungua kabla hayajaiva. Na mwenye shamba kubwa, akiona kwamba kibarua wake wa jana hakurudi kwa sababu amekwenda mashimoni, anapiga kelele: hakuna watu wa kazi!

Serkali zetu wenyewe nazo zina sehemu yao. Uhuru tuliupata 30 Juni 1960. Mwezi wa kumi na moja wa 1973, mashamba ya wageni yalinyang'anywa, lakini hawakupewa watu waliokuwa wakiyalima; walipewa wakubwa na marafiki za wakubwa, na mengi yakageuka pori. Mwaka uleule sheria ya ardhi ilisema kwamba udongo wote ni mali ya Serkali, na kijiji kikabaki kinalima pasipo karatasi. Mtu wa mjini akija na karatasi yake, kijiji kinahama. Gécamines ilikuwa na mashamba yake ya mahindi, na mfanyakazi alipata bunga yake kila mwezi. Mambo hayo yaliharibika pamoja na kampuni. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Baadaye, wakati wa gavana Moïse Katumbi, makampuni ya migodi yaliagizwa kila moja ilime hektari 500 za mahindi. Wazo lilikuwa zuri, lakini si wote waliolitii, na shamba la kampuni lililolimwa kwa trekta halikumpa mlimaji wa kijiji mnunuzi wala njia.

Basi chama chetu kinataka nini? Tunataja mambo matano, ili mtu asiseme kwamba tunajua kulalamika tu.

Kwanza, bei ya mahindi itangazwe kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna, na ziwekwe depo za kununulia karibu na vijiji. Mgodi hauchimbi shaba bila kujua nani atainunua. Mlimaji naye asitakiwe kulima gizani.

Pili, vizuizi vya kunyang'anya walimaji njiani viondolewe, na sehemu ya fedha za madini zinazorudi katika majimbo itengeneze njia za mashamba kwanza, kabla ya nyumba za wakubwa.

Tatu, makampuni ya migodi yanunue chakula cha wafanyakazi wao kwa walimaji wa kwetu, kwa kontrato iliyoandikwa. Hilo litaleta mahindi mengi kuliko hektari za kuonyesha wageni wa heshima.

Ine, kijiji kipewe karatasi ya ardhi yake kabla ya mtu yeyote kupewa ardhi kubwa kando yake.

Tano, na hili ni kubwa: mfanyakazi wa shamba alipwe kwa fedha, kwa wakati, kwa kontrato, na asilipwe chini ya mshahara mdogo kabisa unaoruhusiwa na sheria, awe mzaliwa wa pale au ametoka mbali. Mwenye shamba akilazimika kumlipa mgeni sawasawa na mwenyeji, hatamtafuta mgeni kwa ajili ya kumshusha mwenyeji. Atamtafuta pale tu kazi inapozidi watu kweli. Na mgeni huyo akija, aje akiwa mtu mwenye jina, mwenye karatasi na mwenye haki ya kulalamika. Hatukatazi watu kuhama. Sisi wa kambi sote ni watoto wa watu waliohama. Tunakataza watu kununuliwa rahisi na kisha kutupwa.

Wako watakaosema kwamba mambo hayo yatapandisha bei ya bunga. Tunawajibu: bei tunayolipa leo inagawanywa kati ya lori, vizuizi, mpaka, na wauzaji watatu au wanne. Sehemu ya mlimaji ndiyo ndogo. Kumwongezea yeye si lazima kutuongezea sisi, kama njia itasafishwa kati yake na sisi.

Nasi watu wa mji tuna kazi yetu. Tuache kumwita mtu wa kijiji mshamba kama tusi. Bila mshamba hakuna bukari. Tukiwa na shirika la wafanyakazi, madai yetu yataje pia bei anayopata mlimaji. Na siku mwanasiasa atakapokuja mtaani kwetu kutuambia kwamba njaa yetu imeletwa na kabila fulani, tumwombe atuonyeshe hesabu. Atuambie mfuko mmoja wa mahindi umelipwa franka ngapi shambani na franka ngapi depo, na nani alichukua zilizo katikati. Akishindwa kujibu, tumwache aende zake, sisi twende kazini.

Baba zetu waliomba uhuru ili mtu asilime tena kwa kamba wala kwa kiboko. Hawakuomba alime bure. Tukimlipa mlimaji, mikono itarudi shambani, nayo ni mingi. Na yule aliyetoka mbali kuja kulima pamoja nasi atakuta kwamba siku ya tatu amepewa jembe, na pamoja na jembe amepewa mshahara na jina.